Toyota Haiharibiki? Wacha Niwaambie Kuhusu Gari ya Babangu

Wiki tatu zimepita tangu niweke ile video ya kusema Toyota inasifiwa kupita kiasi. Mlinitukana vizuri sana, na sina kinyongo, kazi hii niliichagua mwenyewe. Lakini kuna mmoja aliandika hivi: "Chuo kilikushinda, gari utaiwezea wapi?" Watu wakampigia makofi hapo chini kama harusi. Mimi nikacheka, nikazima simu, nikasema nalala. Sikulala.

Manake huyo ndugu hakujua amegusa wapi. Chuo changu na Toyota ni hadithi moja. Sijawahi kuieleza yote, hata nyumbani sikuwa nimeieleza yote. Leo naieleza, na humo humo nitawapa maoni yangu kamili kuhusu hizi gari, maana ile video ilikuwa ya dakika mbili na nusu na nusu yake ilikuwa mbwembwe.

Tuanze Changamwe.

Mimi nimezaliwa Magongo. Baba alikuwa dereva wa teksi pale uwanja wa ndege wa Moi, na gari yake ilikuwa Corolla 110 nyeupe, ya mwaka 1999, ile ya injini ya 5A, na ule mstari wa manjano ubavuni. Aliinunua 2008 kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahamia bara. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka siku ilipofika, mamangu alitoka na maji ya waridi akainyunyizia boneti kama bi harusi.

Hiyo gari ilitulisha watoto wanne. Ilibeba watalii, ilibeba mabaharia, ilibeba maiti mara mbili (baba hapendi kuongelea hilo), ilimpeleka mamangu hospitali usiku wa kumzaa kitindamimba. Ufunguo wake ulikuwa umelika mpaka unaweza kuuchomoa na gari bado inanguruma. Baba alikuwa anafanya huo mchezo kwa makusudi, anamrushia abiria ufunguo mkononi, gari inaendelea kwenda, abiria anapiga nduru. Kila mtu alijua hiyo stori pale airport.

2020 ikaja korona. Ndege zikasimamishwa, na teksi ya airport bila ndege ni kibanda cha magurudumu manne. 2021 mimi nikaitwa chuo, bara huko. Siku za ada zilipokaribia, nilirudi jioni moja nikakuta mahali inapolala gari pako wazi, kuna alama ya mafuta tu chini. Baba akaniambia, "Mwanangu, nenda ukasome." Aliiuza 290,000. Kesho yake akaanza kuendesha gari ya mtu kwa hesabu, kila jioni anapeleka pesa za mwenye gari, kinachobaki ndicho chake.

Kwa hivyo mtu akiniambia sijui Toyota, mimi nimesomeshwa na Toyota. Nimekula Toyota. Sasa niskizeni.

Ilianza na vitambaa

Watu wengi hawajui kwamba hii kampuni haikuanza na magari. Ilianza na mashine za kufuma nguo. Mwanzilishi wa ukoo ni Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, amezaliwa 1867. Aliona jinsi akina mama kijijini wanavyohangaika kufuma kwa mkono, akaanza kuunda mitambo. 1891 akapata hataza ya kwanza ya mtambo wa mbao. Akaendelea kuuboresha miaka na miaka, mpaka 1924 akatoa mtambo wa kujiendesha wenyewe, ule wanaouita Type G.

Na hapa ndipo nilipomheshimu huyo mzee. Ujanja wa mitambo yake haukuwa kasi tu. Ujanja ulikuwa hivi: uzi ukikatika, mashine inasimama yenyewe. Kabla ya hapo, uzi ukikatika na mtu hajaona, mashine inaendelea kufuma nguo mbovu yadi kwa yadi, na hasara inajulikana baadaye. Ya Sakichi ilikuwa inakataa kuendelea.

1929 hataza ya huo mtambo ikauzwa kwa kampuni ya Uingereza, Platt Brothers, kwa pauni 100,000. Mtoto wake Kiichiro ndiye aliyekuwa na wazimu wa magari. Idara ya magari ikafunguliwa 1933, gari lao la kwanza la abiria, AA, likatoka 1936, na 1937 ikasajiliwa kampuni ya Toyota Motor. Jina lilibadilishwa kutoka Toyoda kuwa Toyota kwa sababu kwa maandishi yao Toyota inaandikwa kwa mistari minane, na nane kwao ni namba ya bahati. Yaani hata wao wana mambo yao.

Wazee wa kwetu walijua Japan kupitia kitambaa kabla ya gari. Muulize bibi yako. Leso nyingi zilizovaliwa hapa pwani zamani zilichapwa Japan. Bibi yangu anazo mbili sandukuni, huruhusiwi kuzigusa. Kwa hivyo Mjapani alitufunika kwanza, halafu ndiyo akatubeba.

Na msidhani walitoka moja kwa moja mpaka juu. 1950 kampuni ilikaribia kufilisika, wafanyakazi wakagoma, Kiichiro akajiuzulu. Kilichowaokoa ni vita vya Korea, Wamarekani wakaagiza malori kwao. Kiichiro akafa 1952, hajaona Corolla ya 1966 ambayo imekuja kuuzwa kuliko jina lolote la gari duniani. Hajaona HiAce ya 1967. Hajaona watu wakipanda HiAce hapo Kisauni na bado wanaiita nissan.

Hapa kwetu sifa ilipikwa kwenye vumbi. Safari Rally ya 1993, Toyota Celica zilimaliza wa kwanza mpaka wa nne. Mwaka 1994 Ian Duncan, dereva wa hapa hapa Kenya, akashinda na Celica. Na tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, Toyota wameshinda 2021, 2022, 2023, 2024 na 2025. Mkenya akiona gari inapita Naivasha vile, atakwambia nini kuhusu barabara ya kwao Mtopanga?

Wenye gari wanasemaje

Baada ya ile video kuniletea matusi, niliamua kutembea. Wiki nzima nimeuliza watu, Changamwe, Likoni, Kisauni ninapoishi sasa. Sitawataja majina, lakini haya ndiyo niliyosikia.

Dereva mmoja wa teksi, rika la babangu, aliniambia: "Kijana, Toyota sio gari, ni akiba. Ukiwa na shida leo, kesho asubuhi umeuza." Hiyo nilikuwa naijua tayari. Niliiona pale kwenye ile alama ya mafuta.

Fundi wa Magongo, ambaye ameanza kushika spana kabla sijazaliwa, alinicheka nilipomuuliza kama Toyota haiharibiki. "Isipoharibika mimi nakula nini?" Akanieleza vizuri: zinaharibika kama gari zote. Bushi zinaisha, shokomzoba zinavuja, injini inakula oili ukiidharau. Tofauti ni kwamba ukiharibikiwa saa mbili usiku, spea iko, na kila fundi wa mtaani alijifunzia ufundi kwenye Toyota. Gari nyingine ikilala, inalala wiki. Toyota ikilala, kesho imeamka.

Hapo nikaanza kuona kosa langu. Kwenye video nilisema watu wananunua jina. Kumbe wananunua fundi. Wananunua duka la spea. Wananunua kijana wa gereji anayejua sauti ya hiyo injini akiwa amefumba macho.

Dada mmoja wa Bombolulu ana Vitz. Anasema inakunywa mafuta kama paka anavyokunywa maziwa, kidogo kidogo, ila akibeba watu wanne na mizigo ya soko, kupanda mlima wa Nyali Bridge ni mpaka azime eya kondisheni na asome dua.

Kijana wa Probox, Likoni, anabeba mboga. Probox ilitoka 2002, ikatengenezwa iwe gari ya kazi, na kazi anaipa. Malalamiko yake: viti vigumu, bodi ni kama debe, mvua ikinyesha husikii redio. Nikamuuliza kama angepewa nyingine ya bei sawa angebadilisha. Akaniangalia kama nimemtukana mamake.

Lakini kuna mabaya pia, na hapa bado nasimama na video yangu.

Kwanza, chumvi. Sisi tunakaa na bahari. Gari yoyote hapa inaliwa kutoka chini, na Toyota hailindwi na malaika. Mtu ananunua gari imepigwa rangi inang'aa, chini imeshakuwa biskuti. Ingia chini uangalie, au mlipe fundi akuingilie.

Pili, wezi wanapenda kile kile unachokipenda wewe. Kioo cha pembeni cha Toyota kikiibiwa asubuhi, jioni kina mteja. Urahisi wa spea una upande wake wa giza.

Tatu, spea feki. Kwa sababu soko ni kubwa, na wanaoigiza ni wengi. Breki pedi ya bei ya kutupa sio bahati, ni mtego.

Nne, kilomita. Gari zinaingia hapa hapa bandarini kwetu, sheria inasema isizidi miaka 8 na iwe imekaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Sawa. Lakini baada ya kushuka, kuna watu ambao mashine yao ya kurudisha nyuma saa inafanya kazi kuliko ya hospitali. Gari ya miaka 7 ina kilomita 40,000? Ya nani, ya imamu wa kwenda msikitini tu? Angalia usukani, angalia pedali za breki zimelika vipi. Pedali haziongopi.

Tano, watu wanachukulia Toyota kama dini, hawasikii habari mbaya. 2009 na 2010 Toyota iliita mamilioni ya magari kurudi, bosi wao Akio Toyoda akaenda kuhojiwa mbele ya bunge la Marekani. Airbag za Takata, zile zinazoweza kulipuka na kurusha vyuma, zilikuwa kwenye Corolla na magari mengine mengi ya miaka ya 2000, ya Toyota na ya kampuni nyingine pia. Ni nani hapa Kisauni ambaye amewahi kuangalia namba ya chesisi yake kama iliitwa? Sisi tunanunua gari ya mkono wa pili, barua za kuitwa zinaenda kwa mwenye gari wa kwanza, Osaka huko.

Na kubwa zaidi. Disemba 2023 ilitoka ripoti kuhusu Daihatsu, kampuni ambayo ni mali ya Toyota na inayotengeneza magari mengine yanayovaa nembo ya Toyota, Probox ikiwemo. Wachunguzi walikuta udanganyifu kwenye majaribio ya usalama, aina 64 za magari, mambo mengine yakianzia 1989. Kiwanda kikasimama. Na sababu iliyotajwa haikuwa tamaa ya ajabu ajabu. Ni kwamba muda wa kuunda gari ulibanwa, kazi ikawa nyingi, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuwaambia wakubwa kwamba hili halitawezekana. Basi wakaficha, wakaendelea.

Nilipoisoma hiyo, usiku, kitandani Mlaleo, niliweka simu chini. Ukoo ulioanza na mashine inayosimama uzi ukikatika. Viwanda vyao vilijulikana kwa kamba, mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, wanakuja kusaidia, na tatizo lisipoisha laini inasimama. Na bado ndani ya nyumba hiyo hiyo kuna watu walioona uzi umekatika wakanyamaza miaka 30 na zaidi.

Nikajiona mimi.

Ile ambayo sikuisema

Nyumbani nilisema nimeacha chuo kwa sababu ya ada. Hela ya 110 iliisha mwaka wa pili, hiyo ni kweli. Baba akawa anatafuta, anakopa, hiyo pia ni kweli. 2023 nikarudi nyumbani, nikasema, "Baba, wacha, usijisumbue, nitajitafutia." Kila mtu akaniona mtoto mwenye huruma. Jirani akanisifu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefeli yuniti nne. Zilianza mbili muhula wa pili wa mwaka wa kwanza. Sikuelewa somo, niliona aibu kuuliza, nikaanza kukosa darasa, nikawa nashinda hosteli nikitengeneza video. Uzi ulikatika mapema sana, nami nikaendelea kufuma. Kila nikipiga simu nyumbani, "Masomo yanaendelea vizuri, baba." Yadi kwa yadi.

Na kwa miaka miwili baba amekuwa akijilaumu. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mamangu, "Ile gari niliiuza haraka. Ningengoja ningepata 350, mtoto angemaliza." Mimi niko chumbani, nasikia, nanyamaza.

Sasa, mwezi uliopita niko Likoni nasubiri feri nivuke kwenda kisiwani. Sisi wa miguu huku, magari kule. Naangalia foleni ya magari, naona 110 nyeupe. Ziko nyingi, nikapuuza. Halafu nikaona buti lina kile kidonda cha upande wa kushoto, tulipogonga mwembe kwa shangazi. Nikakimbia kama mwizi.

Mwenye gari ni kijana wa huko huko ng'ambo, anabeba samaki. Nikamwambia hii ilikuwa ya babangu. Hakuniamini mpaka nikamwambia achomoe ufunguo gari ikiwa inanguruma. Akacheka sana. Akasema yuko tayari kuuza, anataka 330,000. Gari imezeeka miaka minne zaidi, imebeba samaki, na bei imepanda. Sasa niambieni tena mimi nilisema Toyota inasifiwa bure.

Mimi nina akiba ya 210,000, ya hizi video na ya kazi za kupiga picha harusi. Ilikuwa ya kamera. Nikaona hapa hapa ndipo pa kulipa deni. Nikaongea na kijana apokee nusu, nyingine nimalizie kidogo kidogo, akakubali. Jumamosi nikamchukua baba, nikamwambia twende Likoni kuna kitu.

Aliiona kwa mbali akasimama. Hakusema kitu. Akaizunguka, akaigonga boneti kwa kidole, akainama kuangalia chini. Akaketi kwenye usukani, akaiwasha, akasikiliza. "Tajeti moja inataka kubadilishwa," akamwambia yule kijana, kama daktari. Halafu akachomoa ufunguo, gari ikaendelea kunguruma, akanirushia.

Nikaushika. Nikamwambia nataka kumrudishia. Na kabla hajajibu, nikamwambia yale mengine. Yuniti nne. Hosteli. "Masomo yanaendelea vizuri." Yote, mbele ya mtu wa samaki ambaye hata hatujui jina lake la pili.

Baba alikaa kimya mpaka mimi nikatamani anipige. Mwishowe akasema, "Mwanangu, abiria akishuka kabla ya stesheni, nauli ashalipa. Mimi sikudai." Kisha akasema, "Lakini ungeniambia unashuka. Mimi niliendelea kuendesha nikidhani uko nyuma."

Hakutaka gari. Alisema ile alishaitumia ikaisha kwake, sasa ni riziki ya huyu kijana, tusiingilie riziki ya mtu kwa ajili ya kujisikia vizuri. Akamrudishia ufunguo, akamwonyesha jinsi ya kusikiliza hiyo tajeti. Tukavuka kwa feri, tukasimama ukingoni, hatukuongea mpaka ng'ambo.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Toyota inaharibika. Inaharibika mbele ya watu wanaojua kuitengeneza, ndiyo maana inaonekana kama haiharibiki. Ukinunua, nunua ukiwa umeangalia chini, angalia pedali, angalia namba ya chesisi kama iliitwa, na usinyamaze ukisikia sauti. Sauti ndogo ya leo ni elfu mbili. Ya mwaka ujao ni injini.

Na yule ndugu aliyeniandikia, ulisema kweli, chuo kilinishinda. Ila sasa baba anajua kilinishinda vipi, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi, sio wewe.

Ile 210,000 bado iko. Baba ameniambia niulize kwanza kama yuniti nne zinaweza kurudiwa, halafu ndiyo tuongee mambo ya kamera. Jumatatu nimeandika barua. Nasubiri jibu.